Chai na Kumbukumbu za Wazee Wetu: Yanayojulikana na Yasiyopaswa Kuahidiwa

Siku hizi husikika maneno, masokoni na kwenye simu za mikononi, kwamba chai, hususan chai ya kijani, hurudisha kumbukumbu za mzee aliyeanza kusahau. Maneno hayo yana chanzo chake. Zipo maabara zinazoheshimika duniani ambazo kwa miaka mingi zimechunguza kemikali zilizomo katika majani ya chai, na baadhi ya matokeo yake yanatia moyo. Hata hivyo, kutoka matokeo ya maabara hadi dawa ya kumpa mzee nyumbani ni mwendo mrefu, na familia inayodhani kwamba mwendo huo umekwisha inaweza kupoteza miezi ya thamani ikisubiri nafuu isiyokuja, ilhali tatizo la mzee huenda lingeweza kutibiwa katika zahanati iliyo karibu.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: ugonjwa wa kusahau ni nini, sayansi imegundua nini kuhusu chai, na mwananchi aanzie wapi anapoona dalili kwa mzazi, mwenza au jirani yake.

Kusahau kwa kawaida na ugonjwa wa kusahau

Mtu mwenye umri mkubwa huweza kusahau alikoweka miwani au jina la mgeni, kisha akalikumbuka baadaye. Huo si ugonjwa. Ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu huuita demensia, ni hali ya ubongo kuharibika hatua kwa hatua hata mtu akashindwa kufanya shughuli alizozizoea. Mvuvi aliyeshona nyavu maisha yake yote hushindwa kufunga fundo. Mama aliyeuza dagaa kwa miaka mingi hushindwa kurudisha chenji. Mzee hupotea njia ya kutoka msikitini au kanisani kwenda nyumbani kwake. Wengine huuliza swali lile lile mara nyingi kwa siku, hubadilika tabia, au huwasahau watoto wao wa kuwazaa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na hali hiyo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Aina inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Katika ugonjwa huo, protini mbili hujikusanya ubongoni isivyo kawaida: amiloidi beta, ambayo huganda nje ya seli za ubongo, na tau, ambayo hujisokota kama nyuzi ndani ya seli hizo. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, aghalabu kwa sababu ya shinikizo la juu la damu lililokaa muda mrefu bila kutibiwa.

Wapo wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya nchi za Ulaya pekee. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafikia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Ulibaini kwamba takriban watu sita katika kila mia moja wa umri huo walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Uchunguzi mwingine wa huko huko Hai ulionyesha kwamba jamii nyingi huiona hali hiyo kuwa sehemu ya kawaida ya uzee, na kwa sababu hiyo mgonjwa hapelekwi hospitalini.

Hapa kwetu magharibi mwa nchi lipo jambo zito zaidi la kusemwa waziwazi. Mzee anayetoka nje usiku bila kujua aendako, anayezungumza peke yake, au anayebisha hodi katika nyumba isiyo yake, si mchawi. Ni mgonjwa aliyepotewa na njia. Kumtuhumu ni kumwongezea mateso, na kumdhuru ni kosa la jinai.

Chai ni nini hasa

Tunapozungumzia utafiti wa chai, tunazungumzia mmea mmoja tu, ule unaolimwa Mufindi, Njombe, Rungwe, Usambara na Bukoba. Chai ya kijani na chai nyeusi tunayoinywa nyumbani hutoka katika mmea huo huo. Tofauti ni namna ya kuyaandaa majani. Ya chai ya kijani hupashwa moto mapema ili yasibadilike. Ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yapigwe na hewa hadi yawe na rangi ya kahawia, kisha hukaushwa.

Mchaichai, tangawizi, mdalasini na rosela si chai kwa maana hiyo, ingawa tunazichemsha na kuziita chai. Vinywaji hivyo vina ladha na faida zake, lakini matokeo ya utafiti tutakayoyaeleza hayavihusu. Anayeuza mchaichai kwa madai ya utafiti wa chai ya kijani anachanganya mambo mawili.

Ndani ya jani la chai kuna makundi ya kemikali yanayowavutia watafiti. La kwanza ni kafeini, ambayo huchangamsha. La pili ni theanini, ambayo huaminika kuituliza akili bila kuleta usingizi. La tatu ni katekini, na iliyo nyingi zaidi kati ya hizo hujulikana kwa kifupi kama EGCG. Chai ya kijani ina katekini nyingi. Katika chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini hugeuka kuwa kemikali nyingine, zikiwemo theaflavini, ambazo huipa rangi na ukali wake.

Matokeo yanayotia moyo

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, nchini Marekani, walichukua nyuzi za protini ya tau kutoka katika bongo za watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Walipoziweka pamoja na EGCG, nyuzi hizo zilivunjika. Waliweza pia kuona mahali hasa kemikali hiyo inapojishikiza kwenye nyuzi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mchango wao. Mwaka 2011, kituo cha utafiti wa chai cha Kericho kilitoa kwa wakulima aina mpya iitwayo TRFK 306, inayojulikana kama chai ya zambarau kwa sababu ya rangi ya majani yake. Rangi hiyo hutokana na kemikali ziitwazo anthosianini. Katika utafiti wa wanasayansi wa Kenya uliochapishwa mwaka 2014, panya walipopewa anthosianini za chai hiyo, kemikali hizo zilionekana kufika hadi ubongoni na kuongeza kinga yake dhidi ya uharibifu wa seli.

Upo pia utafiti unaofuatilia maisha ya watu. Nchini Japani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watu 1,003 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ulionyesha kwamba waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikuwa na matatizo machache zaidi ya kumbukumbu. Nchini Singapore, watu 957 wenye umri wa miaka 55 na zaidi walifuatiliwa, na wanywaji wa chai wa mara kwa mara walionekana kuwa katika hatari ndogo zaidi. Nchini Uingereza, taarifa za watu 365,682 zilizochambuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba waliokunywa vikombe viwili hadi vitatu vya kahawa pamoja na idadi kama hiyo ya chai kwa siku walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 28 kuliko wasiokunywa kabisa.

Kwa nini hatuiiti dawa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa matokeo ni hayo, kwa nini daktari asimwandikie mzee chai? Sababu ni tatu.

Kwanza, jambo linalotokea ndani ya chupa ya maabara si lazima litokee ndani ya mwili. EGCG ikinywewa, kiasi kikubwa huharibiwa tumboni na kwenye ini, na kinachobaki hupenya kwa shida kuingia ubongoni, kwa kuwa ubongo una ukuta wake unaochuja damu. Watafiti wale wa Los Angeles walilitambua hilo. Ndiyo maana hawakuwaambia watu wanywe chai zaidi, bali waliitumia EGCG kama kielelezo cha kutafutia kemikali nyingine zinazoweza kufanya kazi hiyo na kufika ubongoni. Aidha, matokeo ya panya huhitaji kuthibitishwa kwa binadamu.

Pili, kuwakuta wanywaji wa chai wakiwa na afya njema hakuthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowapa afya hiyo. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mzee anayepata chai ya maziwa kila asubuhi pengine ana watoto wanaomtunza, chakula cha kutosha na watu wa kuzungumza nao. Mwenzake asiye na chai huenda amekosa na hayo mengine. Hata kahawa ya barazani Ujiji hainywewi kimya: huambatana na habari za mji, mabishano na vicheko. Ni vigumu kutenga faida ya kikombe na faida ya baraza. Zaidi ya hayo, tafiti hizi zilihusu kupunguza hatari kwa watu ambao wengi wao walikuwa bado wazima. Hazikuonyesha kwamba mtu aliyekwisha kuugua alipona kwa kunywa chai.

Tatu, jani haligeuki dawa mpaka lipite hatua zake. Mfano tunaoufahamu ni dawa mseto ya malaria tunayoipata katika zahanati zetu. Sehemu muhimu ya dawa hiyo ina asili yake katika mmea wa artemisia, ambao mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliuchunguza katika miaka ya 1970 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mgonjwa wa malaria hapewi majani yake achemshe. Kemikali husafishwa, hupimwa kipimo, huchanganywa na dawa ya pili na kujaribiwa kwa wagonjwa wengi ndipo ikubaliwe. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya artemisia, kwa kuwa kipimo chake hakitabiriki. Hata katika ugonjwa wa Alzheimer ipo dawa yenye asili ya mimea, iitwayo galantamini, iliyopatikana kwanza katika maua. Nayo hutuliza dalili tu, wala haiponyi.

Kemikali za chai bado zimo njiani. Huenda siku moja zikazaa dawa. Kwa leo, hakuna chai iliyothibitishwa kutibu ugonjwa wa kusahau, na yeyote anayeahidi hivyo anauza kitu asichokuwa nacho.

Tahadhari kwa wanywaji

Kunywa chai kwa kiasi hakuna ubaya kwa watu walio wengi, na hatumkatazi mzee kikombe chake. Yafaa tu kuzingatia mambo yafuatayo.

Sukari: vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vitatu ni vijiko tisa vya sukari kwa siku. Kisukari ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, hivyo sukari nyingi inaweza kubomoa kile ambacho chai inadhaniwa kujenga.

Joto: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi joto 65 huenda vikasababisha saratani ya koo la chakula, ugonjwa unaoonekana kwa wingi Afrika Mashariki. Chai iachwe ipoe kidogo.

Madini ya chuma: chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini hayo kutoka katika maharage na mboga za majani. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na mlo wala vidonge vya kuongeza damu. Asubiri walau saa moja.

Vidonge na unga wa chai ya kijani: bidhaa hizi hubeba kiasi kikubwa cha katekini kuliko kikombe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku kutoka katika bidhaa za aina hiyo zinaweza kudhuru ini. Baadhi ya dawa nazo hazipatani nazo, zikiwemo dawa za kuzuia damu kuganda. Usimpe mzee bidhaa hizo bila kumwuliza mtoa huduma ya afya.

Yanayokinga kwa uhakika zaidi

Mwaka 2024, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa katika maisha yote ya binadamu, yangeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani. Chai haimo katika orodha hiyo. Yaliyomo ni pamoja na shinikizo la juu la damu, kisukari, uziwi, upofu unaoweza kutibika, sonona, uvutaji wa sigara, ulevi, majeraha ya kichwa, moshi na hewa chafu, elimu duni utotoni, kutofanya mazoezi na upweke.

Tukiyatazama kwa macho ya hapa Kigoma, mengi yamo ndani ya uwezo wetu. Kupima shinikizo la damu huchukua dakika chache. Utafiti wa Hai ulionyesha kwamba takriban wazee saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Helmeti ya bodaboda hukinga ubongo wa kijana ambao atauhitaji uzeeni. Kuacha gongo na sigara kuna faida katika umri wowote. Mtoto anayebakizwa shuleni leo anajengewa akiba ya ubongo ya miaka sitini ijayo.

Kuhusu upweke, ipo habari njema kutoka Hai. Huko wagonjwa 34 walijaribiwa kwa njia isiyotumia dawa: vikao 14 vya kundi dogo, vyenye mazungumzo, nyimbo, michezo na kumbukumbu za zamani, vikiongozwa na watoa huduma waliofunzwa. Uwezo wao wa akili na hali ya maisha yao viliboreka. Vikao vya namna hiyo huhitaji mwongozo, lakini kiini chake kinaweza kuingia katika kila nyumba. Mzee aketi na watu, aulizwe habari za zamani, apewe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage au kukunja nyavu. Chai ikiwepo hapo, ni mwenzi mzuri wa mazungumzo.

Wakati wa kuzungumza naye, usimsute wala kumtahini. Badala ya kumwambia, "Bibi, jana tu nilikwambia, umesahau tena?" ni bora kusema, "Shikamoo bibi. Mimi ni Asha, mjukuu wako, mtoto wa Hamisi. Nimekuja tunywe chai." Jina na undugu vikitajwa mwanzoni, mzee huondokewa na fedheha ya kutafuta asichokikumbuka.

Mwananchi aanzie wapi

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Si kila kusahau ni ugonjwa usiopona. Sonona, upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, ulevi, uziwi na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili zinazofanana nao, na mengi kati ya hayo hutibika. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe siku hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo au kiharusi. Kwa wakazi wa vijiji vya mwambao vinavyotegemea boti, kama vile Kagunga na Mwamgongo, ni vyema kutosubiri hadi hali izidi kuwa mbaya.

Anayempeleka mzee ajiandae kwa mambo manne:

1. Aeleze dalili zilianza lini, na kama zilikuja ghafla au polepole.
2. Ataje shughuli ambazo mzee alikuwa akizifanya na sasa anashindwa.
3. Abebe dawa zote anazotumia mzee, zikiwemo za kienyeji na vidonge vya chai.
4. Aombe apimwe shinikizo la damu na sukari, na akaguliwe macho na masikio.

Ikihitajika, mgonjwa atapewa rufaa, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Familia inayokwama katika utambulisho wa mzee au inayoelemewa na matunzo imwone Afisa Ustawi wa Jamii, au ipitie kwa Mtendaji wa Kijiji na Baraza la Wazee. Kwa anayetishiwa kwa tuhuma za uchawi, taarifa itolewe mara moja kwa uongozi wa kijiji na kwa Polisi.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Ili kauli hiyo iendelee kuwa kweli, wazee wenyewe wahitaji kulindwa mapema, kabla kumbukumbu zao hazijaondoka na historia ya ukoo, ya kijiji na ya ziwa letu. Mkaribishe mzee wako chai leo, kisha kesho mpeleke akapimwe.